Jinsi ya Kusoma Mwenendo wa Bei na Mauzo ya Mashamba Kabla ya Kununua au Kuuza

Mashamba huuzwa mara chache, huuzwa kimyakimya, na hakuna mawili yanayolingana kwa kila kitu. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi jirani na soko la ardhi miaka nenda rudi asijue linaelekea wapi. Atasikia tu kwamba "ardhi imepanda" kwa kuwa fulani ameuza vizuri, au kwamba "wanunuzi hakuna" kwa kuwa dalali mmoja amechoka kuzunguka. Siku ya kununua au kuuza ikifika, anaingia kwenye pengine uamuzi mkubwa kuliko yote ya kifedha maishani mwake akiwa na tetesi mbili mkononi.

Mwongozo huu ni wa kumwezesha mtu wa kawaida kulisoma soko hilo mwenyewe. Unahitaji daftari au jedwali la kompyuta, subira, na tabia ya kuuliza swali la pili pale wengine wanaporidhika na jibu la kwanza. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: watu wengi huanza kwa kutazama bei, ilhali cha kutazamwa kwanza ni idadi ya mauzo na muda ambao shamba linakaa sokoni. Bei ndiyo ya mwisho kukiri kwamba mambo yamegeuka.

Hatua ya 1: Amua unapima soko lipi

"Ardhi ya vijijini" si bidhaa moja. Shamba la mazao linalotegemea mvua lina wanunuzi wake, la umwagiliaji lina wake, malisho yana wake, msitu una wake, na kishamba cha kujengea nyumba ya mapumziko kina watu ambao wala hawaulizi linatoa magunia mangapi. Ardhi iliyo kwenye njia ambayo mji unapanukia ni jambo jingine kabisa, kwa maana pale mnunuzi analipia viwanja vya kesho.

Ukichanganya yote hayo kwenye wastani mmoja unapata namba isiyomhusu mtu yeyote. Wizara ya Kilimo ya Marekani hutoa takwimu za thamani ya ardhi kila mwaka. Mwaka 2023 ardhi ya kilimo pamoja na majengo yake ilikuwa na wastani wa dola 4,080 kwa ekari. Lakini ardhi ya mazao peke yake ilikuwa dola 5,460, na malisho dola 1,760. Mfugaji anayeuza malisho yake kwa kushikilia ile 4,080 atakaa na shamba lake mpaka achoke, na mwenye shamba la mazao akiifuata namba hiyohiyo atajipunja. Na hizo bado ni wastani za nchi nzima, ambamo ndani yake kila wilaya ina habari yake.

Kwa hiyo andika sentensi moja inayoeleza soko lako. Kwa mfano: "Mashamba ya mazao yanayotegemea mvua, ekari 5 hadi 50, yanayofikika kwa gari mwaka mzima, yasiyozidi mwendo wa nusu saa kutoka barabara kuu." Kila uuzaji utakaousikia baadaye, upime kwa sentensi hiyo. Usiolingana nayo usiutupe, uweke pembeni, kwa sababu unaweza kukuambia jambo kuhusu soko la jirani. Usiuingize tu kwenye hesabu.

Papo hapo jiulize ni haki gani hasa inayouzwa. Katika nchi nyingi mnunuzi hapati umiliki kamili wa ardhi. Ethiopia, kwa katiba ya 1995, ardhi ni mali ya dola na wananchi na haiuzwi. Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mtu anashika haki ya kuitumia. Uchina ardhi ya vijijini kwa sehemu kubwa ni ya jumuiya za vijiji, na kinachobadilishana mikono ni haki ya matumizi. Hata pale ambapo umiliki ni kamili, shamba lenye mpangaji ambaye mkataba wake bado unaendelea kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko lililo wazi. Miaka 90 ya haki ya matumizi na miaka 15 iliyobaki si kitu kimoja, hata kama udongo ni uleule. Weka safu ya "haki" kwenye jedwali lako tangu mwanzo.

Hatua ya 2: Kusanya mauzo yaliyokamilika

Vyanzo vya habari viko vingi, na uzito wake haulingani.

Bei ya kwenye tangazo ni matumaini ya muuzaji. Inafaa kwa kazi moja tu, ya kupima pengo kati ya kinachoombwa na kinacholipwa, nami nitalirudia. Maneno ya dalali ni bora kidogo, maana amekaa kwenye mazungumzo yenyewe, lakini kumbuka kwamba dalali hula kwa mauzo kufanyika na mara nyingi atakupa habari zinazosukuma mambo upande huo. Njia nzuri ya kumhoji ni kumwomba akutajie mashamba yaliyouzwa, kisha umuulize: ni lipi ulilolitembeza likakosa mnunuzi, na kwa nini? Jibu la swali hilo lina thamani kuliko orodha nzima ya mafanikio.

Kuna tafiti za kila mwaka za vyuo, wizara na mabenki. Ni muhimu kujua zimetengenezwaje. Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, kimekuwa kikipima thamani ya mashamba ya jimbo hilo tangu 1941, na hufanya hivyo kwa kuwauliza watu wanaolijua soko, kama vile madalali, wathamini na maofisa wa mikopo, wakadirie thamani ilivyo tarehe 1 Novemba. Wizara ya Kilimo ya Marekani nayo huwauliza wakulima wenyewe. Hayo yote ni makadirio ya watu, si hesabu ya mauzo. Nguvu yake ni kwamba swali ni lilelile mwaka hadi mwaka, kwa hiyo mwelekeo unaaminika hata pale ambapo namba yenyewe inaweza kuwa pembeni kidogo.

Chanzo kizito zaidi ni kumbukumbu za usajili wa ardhi, pale zinapopatikana. Hata hizo zina mitego miwili. Wa kwanza ni kodi: pale uhamisho unapotozwa kodi kwa asilimia ya bei, wapo wanaoandikisha bei pungufu. Wa pili ni muda. Bei iliyosajiliwa leo ilikubaliwa miezi kadhaa nyuma, na wakati mwingine zaidi ya mwaka. Soko likiwa linageuka, msajili anakuonyesha lilikokuwa, si lilipo. Kwa hiyo kila unapoweza, andika tarehe ya makubaliano, ile siku watu waliposhikana mikono na malipo ya awali yakatolewa, na uifanye hiyo ndiyo tarehe ya uuzaji.

Kwa kila shamba lililouzwa jaza: tarehe ya makubaliano, ukubwa uliopimwa, bei, vilivyomo ndani, maji, barabara, namna ya malipo, uhusiano wa muuzaji na mnunuzi, siku lilizokaa sokoni, na bei iliyoombwa mwanzo. Mauzo kumi yenye maelezo hayo yote yanakupa mwanga kuliko mia yenye bei tupu.

Hatua ya 3: Zisafishe namba

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi huishia njiani.

Chukua mfano huu wa kubuni, kwa fedha yoyote uipendayo. Shamba la ekari 12 limeuzwa kwa 960,000. Habari inayosambaa kijijini ni moja: "ekari imefika 80,000." Sasa ingia ndani. Kuna nyumba imara ambayo mthamini angeipa 180,000. Kuna miti iliyokomaa ya mbao yenye thamani ya 90,000. Kuna pampu na mabomba ya 30,000. Toa vyote hivyo na ardhi yenyewe inabaki na 660,000, sawa na 55,000 kwa ekari. Jirani mwenye ekari 12 tupu anayeomba 80,000 kwa ekari ameongeza karibu nusu ya thamani bila kujua, na atashangaa wanunuzi wanakuja, wanatazama, wanaondoka.

Usiishie hapo. Kati ya ekari hizo 12, mbili ni bonde linalojaa maji na halilimiki. Mnunuzi mkulima anahesabu ekari 10, na kwake ekari inayolimika imegharimu 66,000. Ipi ndiyo bei sahihi, 55,000 au 66,000? Zote mbili, mradi uchague moja na uitumie kwa kila shamba kwenye jedwali. Kinachoharibu hesabu ni kuchanganya.

Vipimo navyo hupotosha. Hekta moja ni ekari 2.471, na mtu akikosea kidogo tu katika kugeuza, bei inaruka zaidi ya mara mbili. "Ekari" ya kukadiriwa kwa hatua za miguu si ekari ya mpima ardhi. Pale ukubwa haukupimwa, andika hivyo waziwazi na usiupe uuzaji huo uzito sawa na mingine.

Kisha ondoa mauzo yasiyo ya sokoni: baba aliyemuuzia mwanawe kwa bei ya upendo, shamba lililonadiwa na benki kwa deni, ndugu waliogawana urithi na mmoja akawalipa wengine. Malipo ya awamu nayo yanahitaji jicho. Anayelipa kwa miaka mitatu bila riba kwa kawaida hukubali bei kubwa zaidi, na sehemu ya bei hiyo kwa hakika ni riba iliyojificha. Vilevile jirani anayenunua kipande kinachopakana na shamba lake mara nyingi hulipa zaidi ya mgeni, kwa sababu kwake kipande hicho kinaunganisha mashamba au kumpa njia ya kufika majini. Na vipande vidogo huuzwa ghali zaidi kwa ekari kuliko vikubwa, kwa kuwa watu wengi wana uwezo wa kununua ekari mbili na wachache wana uwezo wa kununua mia mbili. Usiizidishe bei ya ekari mbili mara mia ukadhani umepata thamani ya shamba kubwa.

Mwisho wa usafi, acha wastani wa kawaida na utumie bei ya katikati. Panga bei za kwa ekari kuanzia ndogo hadi kubwa, uchukue iliyo katikati. Tuseme mauzo matano yametoa 9,000, 9,500, 10,000, 10,500 na 31,000. Wastani ni 14,000, bei ambayo hakuna hata mmoja aliyelipa wala kuikaribia. Ya katikati ni 10,000, na hiyo inaeleza soko. Ile 31,000 ifuatilie peke yake: pengine mtu ameshapata habari za barabara mpya.

Hatua ya 4: Hesabu mauzo kwanza, bei baadaye

Soko la ardhi ya kilimo ni jembamba mno. Utafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani wa 2014 ulionyesha kwamba takriban asilimia 10 ya ardhi ya kilimo ya nchi hiyo ilitarajiwa kubadili mikono ndani ya miaka mitano iliyofuata, na sehemu kubwa ya hiyo ilikuwa iende kwa urithi, zawadi, amana za familia au kwa ndugu. Iliyokusudiwa kuuzwa kwa mtu asiye ndugu ilikuwa ekari milioni 21 tu, yaani asilimia 2.3 hivi ya ardhi yote ya kilimo, kwa miaka yote mitano. Katika soko la namna hiyo wanunuzi wawili wenye haraka wanaweza kuipandisha bei ya eneo zima, na kuondoka kwao kunaweza kuliacha soko limekauka huku bei "haijashuka".

Sababu ya bei kuchelewa ni tabia ya muuzaji. Mwenye shamba asiyebanwa na deni hana haja ya kukubali bei ya chini kuliko aliyopata jirani yake mwaka jana. Atasubiri. Atalima msimu mwingine, au atalikodisha. Kwa hiyo wanunuzi wanapopungua, jambo la kwanza kutokea ni mashamba kudoda. Miezi ya kusubiri inaongezeka, matangazo yanafutwa na kurudi tena, mnada unaishia bila dau kufika kiwango cha muuzaji. Bei zinazoandikwa bado ni nzuri, kwa kuwa ni mashamba bora pekee yanayouzwa. Anayetazama bei tupu anaona soko imara. Anayehesabu mauzo anaona soko limesimama.

Fuatilia mambo manne kila msimu: mauzo mangapi yamekamilika, shamba linakaa sokoni siku ngapi, mangapi yameondolewa bila kuuzwa, na pengo kati ya bei iliyoombwa na iliyolipwa. Pengo likitoka asilimia 5 hadi 15 katika mwaka mmoja, soko limeshapoa, hata kama bei ya katikati haijatikisika.

Mauzo machache, hata hivyo, yana maana mbili zinazopingana, na hapa ndipo penye kosa linalowagharimu watu pesa nyingi. Inawezekana wanunuzi hawapo. Inawezekana pia wauzaji ndio hawapo, kila mtu amekumbatia shamba lake. Utatofautishaje? Tazama muda. Mauzo yakiwa machache na mashamba machache yaliyopo yanachukuliwa haraka, tatizo ni uhaba, na bei ina nguvu ya kupanda. Mauzo yakiwa machache na mashamba yaliyotangazwa yanakaa, wanunuzi ndio wamekimbia, na bei itafuata. Hali mbili zenye idadi ileile ya mauzo, maamuzi kinyume kabisa.

Kuna hali nyingine inayotisha ila ina faida kwa mwenye fedha: bei inashuka huku mauzo yakiongezeka. Hapo wenye madeni wameanza kusalimu amri. Kushuka kwa namna hiyo mara nyingi hakuishi kwa msimu mmoja, kwa hiyo mnunuzi hana sababu ya kukimbilia shamba la kwanza analoonyeshwa.

Hatua ya 5: Toa mfumuko wa bei

Hatua hii ni fupi, na kuiruka ni kujidanganya. Shamba lilikuwa 10,000 kwa ekari, miaka mitano baadaye ni 13,000. Watu watasema limepanda kwa asilimia 30, ambayo ni sawa na asilimia 5.4 hivi kwa mwaka. Lakini kama katika muda huohuo kipimo cha bei za bidhaa kimetoka 100 hadi 140, gawanya 13,000 kwa 1.4. Unapata takriban 9,290. Kwa uwezo wa kununua, shamba limeshuka kwa asilimia 7. Takwimu za mfumuko hutolewa na ofisi ya takwimu ya taifa karibu kila nchi, na hesabu yake ni ya dakika moja.

Ikiwa fedha ya nchi yako inayumba, rudia hesabu hiyo kwa fedha nyingine ambayo wanunuzi wakubwa wa eneo lako huifikiria. Wakati mwingine ardhi haijapanda wala kushuka, ni fedha tu iliyoondoka.

Hatua ya 6: Linganisha bei na kodi ya kukodi shamba

Mtu anayekodi shamba kwa msimu mmoja hajali litakuwa na thamani gani baada ya miaka kumi. Analipa kulingana na linachozalisha sasa. Ndiyo maana kodi ya kukodi ni mizani nzuri ya kupimia kama bei ya kununua ina msingi au imepaa na matumaini.

Chukua kodi ya mwaka kwa ekari, ugawanye kwa bei ya ekari. Marekani mwaka 2023, kodi ya ardhi ya mazao ilikuwa wastani wa dola 155 kwa ekari dhidi ya thamani ya dola 5,460: asilimia 2.8 hivi, kabla ya kutoa kodi ya serikali na gharama nyingine. Kwa maneno mengine, ingechukua zaidi ya miaka 35 ya kodi kurudisha bei. Mnunuzi anayekubali hivyo anatarajia sehemu kubwa ya faida itoke kwenye kupanda kwa thamani, na lazima ajue kwamba hilo ndilo analoliwekea fedha.

Geuza hesabu upate thamani: kodi safi (inayobaki baada ya gharama) igawanywe kwa kiwango cha faida ambacho mnunuzi angekitaka. Kodi safi ya 300 kwa kiwango cha asilimia 4 inatoa 7,500. Kwa asilimia 6 inatoa 5,000. Udongo haujabadilika, mvua haijabadilika, lakini theluthi ya thamani imeondoka kwa sababu tu fedha imekuwa ghali. Ukilielewa hilo vizuri, hatua inayofuata itaeleweka yenyewe.

Fuatilia uwiano huo kwa miaka kadhaa kwenye eneo lako. Bei ikipanda pamoja na kodi, wakulima wanazalisha zaidi au wanauza mazao kwa bei bora, na kupanda huko kuna miguu. Bei ikipanda huku kodi imelala, uliza nani anainunua na kwa sababu gani.

Hatua ya 7: Tafuta sababu, na uulize itadumu muda gani

Mwenendo bila sababu ni mstari tu kwenye karatasi. Nitakaa kidogo kwenye historia ya Iowa, kwa kuwa ni miongoni mwa rekodi ndefu na safi zilizopo duniani na inaonyesha mzunguko mzima.

Katika miaka ya 1970 bei ya mashamba ya jimbo hilo ilipanda zaidi ya mara nne. Umoja wa Kisovieti ulikuwa umeanza kununua nafaka nyingi za Marekani tangu 1972, bei za mazao ziliruka, mfumuko ulikuwa mkubwa, na mkopo ulikuwa rahisi kiasi kwamba riba wakati fulani ilikuwa ndogo kuliko mfumuko wenyewe. Wakulima walikopa kwa dhamana ya ardhi ili wanunue ardhi zaidi. Mwaka 1981 wastani ulifika dola 2,147 kwa ekari. Lakini benki kuu ya Marekani, chini ya mwenyekiti wake Paul Volcker, ilikuwa imeanza kukaza riba tangu 1979, na Januari 1980 Rais Carter alizuia mauzo ya nafaka kwenda Umoja wa Kisovieti. Mauzo ya nje yakaanguka, riba ikapaa, na deni lililoonekana dogo mbele ya thamani ya shamba likageuka mzigo. Mwaka 1986 ekari ilikuwa dola 787. Thamani ilikuwa imeporomoka kwa asilimia 63 katika miaka mitano. Mabenki ya vijijini yalianguka, na mwaka 1987 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuuokoa mfumo wa mikopo ya wakulima. Wastani wa Iowa haukuivuka tena ile dola 2,147 mpaka 2003, na hapo hatujahesabu mfumuko wa miaka 22.

Sasa soma kipande cha karibuni cha rekodi hiyohiyo. Mwaka 2021 bei ilipanda kwa asilimia 29, 2022 kwa asilimia 17 na kufika dola 11,411, 2023 kwa asilimia 4 na kufika dola 11,835, na 2024 ikashuka kwa asilimia 3 hadi dola 11,467. Riba ya benki kuu ya Marekani ilikuwa karibu sifuri mwanzoni mwa 2022 na juu ya asilimia 5 kufikia katikati ya 2023, wakati bei za mahindi na soya nazo zilikuwa zinalegea. Aliyetazama bei peke yake alisubiri mpaka 2024 kuona mabadiliko. Aliyetazama kasi (29, 17, 4) aliyaona mapema zaidi. Hilo nalo liweke kwenye jedwali lako: andika bei, kisha ubavuni mwake andika imebadilika kwa asilimia ngapi tangu mwaka uliotangulia.

Nje ya riba na mazao, maji ndiyo sababu ninayoiona ikidharauliwa kuliko zote. California ilipitisha sheria ya kudhibiti maji ya ardhini mwaka 2014, ikiyataka maeneo ambayo visima vyake vimezidiwa yafikie uwiano kufikia 2040. Matokeo yake ni kwamba katika Bonde la San Joaquin mashamba mawili yenye udongo mmoja na miti ileile ya lozi yameachana kwa bei: lenye haki ya uhakika ya maji ya mfereji limeshikilia thamani vizuri zaidi, na linalotegemea kisima pekee limeporomoka. Anayesema "mashamba ya bonde hilo yameshuka" amesema nusu ya habari. Pale kwenu, uliza kibali cha maji kinahamishika pamoja na shamba au kinabaki na mtu.

Sababu nyingine hutoka nje ya kilimo kabisa. New Zealand, biashara ya hewa ya ukaa, ambayo humwezesha mwenye miti kulipwa kwa hewa chafu inayonyonywa na miti hiyo, imefanya malisho ya kondoo yanunuliwe kwa ajili ya kupanda misonobari, kwa bei ambazo mfugaji asingeweza kuzimudu. Mahali pengine ni mitambo ya umeme wa jua, mgodi, au barabara. Kuhusu barabara nasema hivi: tofautisha barabara iliyotajwa, barabara iliyopangiwa bajeti, na barabara yenye mkandarasi aliyekwisha kuweka kambi. Bei huanza kupanda kwenye hatua ya kwanza, na wanaoumia ni wanaonunua hapo halafu mradi ukalala miaka kumi.

Sheria pia hubadilisha nani anaweza kununua. Ufaransa ina taasisi ziitwazo SAFER, zilizoanzishwa kwa sheria ya 1960, zenye haki ya kununua kwanza shamba linalouzwa ili liende kwa mkulima, na ndizo pia hutoa takwimu za bei za kila mwaka. Mabadiliko ya kanuni kama hizo, ya kuruhusu au kuzuia wageni, makampuni, au ugawaji wa vipande vidogo, yanaweza kubadilisha soko ndani ya msimu mmoja.

Hatua ya 8: Geuza ulichokisoma kiwe uamuzi

Mnunuzi aandike bei tatu kabla hajaenda kuonana na muuzaji: bei ya katikati ya mauzo safi ya soko lake, thamani inayotokana na kodi ya kukodi, na kiwango cha juu ambacho hatavuka hata akisikia kuna mteja mwingine anakuja jioni. Zikipishana sana zile mbili za kwanza, tofauti hiyo ndiyo mada ya mazungumzo. Kama ananunua kwa mkopo, afanye jaribio moja la lazima: bei ishuke kwa theluthi na mavuno yakose msimu mmoja, je, marejesho yatalipika kutoka kwenye kipato kingine? Ikiwa jibu ni hapana, apunguze ekari. Waliopoteza mashamba Iowa katika miaka ya 1980 wengi hawakuwa wakulima wabaya. Walikuwa na deni lililohitaji bei iendelee kupanda.

Muuzaji aanze kwa kutafuta mauzo matatu yanayofanana zaidi na shamba lake, yaliyokubaliwa ndani ya miezi 12, ayasafishe, kisha aombe bei iliyo karibu na hapo. Kuomba kupita kiasi "ili tupate pa kushukia" kunaua soko lako mwenyewe. Wanunuzi makini wanaliona tangazo wiki za mwanzo, wanalipuuza, na likishapunguzwa bei baada ya mwaka wanajiuliza lina kasoro gani. Andaa ramani ya mpima ardhi, hati, kumbukumbu za mavuno na kibali cha maji kabla ya kutangaza, kwa sababu katika soko lililopoa mashamba yenye karatasi safi ndiyo pekee yanayosonga. Na ukiona siku za kukaa sokoni zinarefuka eneo zima, punguza mapema na mara moja, badala ya vipunguzo vidogovidogo vya kila mwezi vinavyomfundisha mnunuzi kungoja.

Mtu asiyelazimika kununua wala kuuza mwaka huu naye ana kazi: ajaze jedwali. Mistari miwili mitatu kila baada ya mavuno inatosha, pamoja na riba ya mikopo ya kilimo ya wakati huo, kodi ya kukodi, na mashamba yaliyotangazwa yakakosa mnunuzi. Hizo za kukosa mnunuzi ndizo hazipo kwenye kumbukumbu za msajili wala kwenye takwimu za wizara, na baada ya misimu minne au mitano utakuwa na rekodi ya eneo lako ambayo hata benki itatamani kuiona.